Ndege wa Garsen Anaishi Nairobi

Kuna uongo mmoja unaopendwa sana Nairobi, nao ni huu: ndege wako sawa, kwani huwaoni? Simama karibu na Nyayo Stadium uinue kichwa. Marabu wamejaa juu ya migunga kama wabunge baada ya chakula cha mchana. Wakubwa, wenye upara, hawana haraka. Wanaachilia choo juu ya magari na juu ya watu waliovaa suti wakienda kutafuta kazi. Basi mtu anasema: mji unawapenda hawa ndege, na wao wanaupenda mji.

Hoja hiyo nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia redioni, na nimeisikia kwa watu waliosoma kunishinda. Ni hoja mbovu. Kumwona mtu kila siku hakumaanishi ana afya. Mimi majirani zangu wa Kayole nawaona kila siku, na nusu yao wanakohoa. Idadi ya waliojaa mahali haisemi lolote kuhusu hali ya mapafu yao, ya damu yao, wala ya watoto wao. Inasema tu kwamba hapa ndipo chakula kilipo, au kwamba kule walikotoka chakula kimeisha.

Mimi nimekulia Garsen, Tana River, na sasa nalipa kodi ya nyumba Kayole. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipoisha kabla ya hamu. Nalishwa na makala ninazoandika, moja moja, kwa bei ambayo nisingependa mama aijue. Mwaka jana nilimpelekea mhariri mmoja wazo la makala kuhusu ndege wa Tana. Akanijibu kwa sentensi moja kwamba ndege ni mambo ya wazungu na mahoteli, nimtafutie kitu cha vijana. Haya. Hii hapa ni ya vijana.

Tuanze na mwili wenyewe, maana wengi wetu tukisikia "athari za mji kwa ndege" tunafikiria ndege kukatiwa mti, basi. Akikatiwa mti atahamia mti mwingine. Kumbe mji humwingia ndege ndani ya damu.

Malmö, Uswidi, watafiti walichukua vifaranga wa ndege mmoja mdogo mwenye kifua cha manjano, wakawabadilishia viota: wengine wakalelewa mjini, wengine shambani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliolelewa mjini walikuwa na telomea fupi zaidi, yaani vile vifuniko vya mwisho wa kromosomu ambavyo hufupika kadiri mwili unavyochakaa. Siku chache tu za maisha, na mji ulikuwa umeshawazeesha. Leiden, Uholanzi, mwaka 2003 iligunduliwa kwamba ndege wa aina hiyo hiyo wanaoishi penye kelele za magari huimba kwa sauti ya juu zaidi ili wasikike. Ukiwahi kuongea na mpenzi wako kwa simu ukiwa kwenye matatu yenye muziki, unajua hiyo kazi. Sasa fikiria ndiyo njia yako pekee ya kupata mke.

Mexico City, ndege wa mjini waliokotwa na viota vyenye vipande vya sigara. Nikotini inafukuza wadudu wanaonyonya damu ya vifaranga, kwa hiyo mzazi anaonekana mjanja. Lakini sumu hiyo hiyo inaharibu seli za vifaranga anaotaka kuwaokoa. Na Chicago, usiku mmoja wa Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 waliokuwa wakihama walijigonga kwenye vioo vya jengo moja la mikutano lililoacha taa zikiwaka. Asubuhi wakazolewa chini. Jengo moja, usiku mmoja.

Rudi sasa Nairobi. Marabu ni mla mizoga, na pia ni mvuvi. Porini kazi yake ni kusafisha mabaki ya simba na kuokota samaki na vyura kwenye madimbwi yanayokauka. Tumbo lake linayeyusha mfupa. Plastiki haliyeyushi. Kifaranga wake anahitaji samaki, chura, mifupa midogo, apate madini ya kujengea miguu ile mirefu. Ngozi ya soseji haina madini hayo. Na meza kubwa ya marabu wa Nairobi ni jalala la Dandora. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa utafiti juu ya watoto zaidi ya 300 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jalala hilo. Karibu nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu, ile metali, kupita kiwango kilichokubalika. Hao ni watoto waliokuwa jirani ya jalala. Marabu yeye anakula ndani yake, na anawalisha wanawe kutoka humo. Kwa hiyo mtu akiniambia marabu wananenepa Nairobi, namuuliza: wananenepa na nini?

Hapo ndipo makala nyingi za ndege wa mjini huishia. Wanahesabu marabu, wanahesabu mwewe wanaonyakua chips mikononi mwa wanafunzi, wanamlilia kidogo ndege wa Karura, wanafunga. Mimi hapo ndipo naanza, kwa sababu wote wanafanya kosa moja. Wanadhani mji unaishia pale kwenye kibao cha kukukaribisha.

Mji hauna mpaka huo. Mji ni mdomo. Ukitaka kujua ulipo, usiangalie maghorofa, fuata bomba.

Fungua mfereji Kilimani. Sehemu kubwa ya maji hayo imetoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 juu ya mto Thika. Thika unaingia Tana. Maji ya Sasumua yanatoka upande wa Chania, na Chania unaingia Thika, na Thika unaingia Tana. Hayakutosha. Likachimbwa handaki la karibu kilomita 12 chini ya milima ya Murang'a, likachota mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuielekeza Ndakaini. Hiyo mito mitatu nayo ilikuwa ikienda Tana. Washa taa sasa. Kwa miongo kadhaa uti wa mgongo wa umeme wa maji wa nchi hii umekuwa mabwawa matano yaliyopangwa juu ya mto huo huo mmoja: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988.

Mto ukishamaliza kuogesha Nairobi na kuwasha Nairobi, kinachobaki ndicho kinachokuja Garsen.

Na hapa kuna kejeli ambayo Wapokomo wanaijua na Wakenya wengi hawaijui. Tuni ya wimbo wa taifa, huo mnaoimba mmeweka mkono kifuani, ilitoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Nchi ilichukua wimbo wa mto, halafu ikachukua mto.

Kuna mtu atauliza: maji yakipungua kidogo, ndege atakosa nini? Si ana mabawa? Ebu tuelezane jinsi delta inavyofanya kazi. Tana kwa asili ulifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya mvua za vuli. Maji yakipanda yanavuka kingo, yanajaza maziwa ya pembeni kama Shakababo na Bilisa, yanalowesha mbuga za nyasi ambazo Waorma hupeleka ng'ombe wakati wa kiangazi, yanaotesha mpunga wa Wapokomo. Samaki wanaingia kwenye maji hayo ya kina kifupi kutaga. Wadudu wanajaa. Na miti na matete yanayozamishwa miguu yanakuwa ngome: yangeyange, kwarara, mnandi na korongo hujenga viota kwa mamia juu ya maji, kwa sababu paka-mwitu hawapendi kuogelea. Eneo la Idsowe, karibu na Garsen, linajulikana na watu wa ndege kwa sababu hiyo.

Mafuriko yasipokuja, ndege wengi hao hawatagi. Hawajagoma, mwili wa jike hauna chakula cha kutengeneza mayai. Wakitaga, maji yakakauka mapema chini ya mti, adui anapanda. Waliobaki wanasongamana kwenye madimbwi machache yaliyosalia, mwari, korongo, bata na ng'ombe pamoja, wote wakinywa na kunya mahali pamoja. Kila mwenye kuishi kwenye ploti yenye choo kimoja kwa nyumba kumi na mbili anajua kinachofuata. Ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote. Msongamano, chakula kibovu, maji machafu, usingizi wa mang'amung'amu. Hayo ndiyo maradhi ya mjini, na ndege wa Garsen anayapata bila kupanda basi. Anaishi Nairobi na hajawahi kufika.

Najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia: "Lakini 2024 si Tana ilifurika mpaka watu wakahama? Mabwawa ndiyo yanatukinga." Hapana. Mwaka 2024, kati ya Aprili na Mei, mabwawa ya juu yalijaa hadi yakamwagika, na watu wa chini wakaambiwa wahame. Familia za Garsen na vijiji vyake zilikaa kambini. Hivyo ndivyo bwawa linavyofanya. Furiko dogo, lile lenye samaki na nyasi, linalizuia, kwa sababu maji hayo ni umeme na umeme ni pesa. Furiko kubwa halina uwezo nalo, linaliachilia lote kwa mpigo. Tumenyang'anywa mafuriko mazuri tukaachiwa mabaya. Na furiko baya linapita juu ya viota vilevile na juu ya vitanda vilevile.

Sasa Garsen yenyewe. Msidhani nitaichora kama kijiji cha malaika kinachoonewa na mji mwovu. Garsen nayo inataka kuwa mji, na ina haki hiyo. Ni njia panda: basi la kutoka Malindi na Mombasa likifika pale, kuna njia ya kwenda Hola na Garissa, kuna njia ya kwenda Witu na Lamu, na ile ya Lamu sasa ina lami. Lami imeleta wagonjwa hospitalini kwa haraka na imeleta bei nzuri ya maembe. Siichukii. Ninachochukia ni kwamba tumeiga mji kwa mpangilio wa kinyume. Tumeanza na taka. Chupa za soda, nepi, mifuko ya unga, matumbo ya mbuzi, vyote vinatupwa mahali popote penye bonde. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kweli ilipungua, lakini chupa haikupigwa marufuku, nepi haikupigwa marufuku. Upepo unavuma kuelekea majini. Mbuzi wanakula, marabu wanakula.

Juu yetu inapita laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220, kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu. Tai anaporuka ameinamisha kichwa kutafuta mzoga chini, macho yake yalivyokaa hayamwonyeshi kilicho mbele. Amejengwa hivyo kwa mamilioni ya miaka, miaka ambayo hewani hakukuwa na kitu cha kugongana nacho. Waya kwake haupo hadi anapoufikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha idadi ya ndege mbua, yaani tai, mwewe na wenzao, hapa Kenya kwa kipindi cha miaka kama 40. Kati ya aina 22 zilizopimwa, 19 zilikuwa zimepungua, na upungufu wa kati ulikuwa asilimia 70. Nyaya zimo kwenye orodha ya wauaji, na sumu imo.

Na sumu ndiyo inanipeleka kwa kunguru.

Juni 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja wa Kihindi kufikia mwisho wa mwaka huo. Hawa ndio wale weusi wenye shingo ya kijivu mliowaona Mombasa, Malindi na Watamu, wanaotua mezani kabla sahani haijatua. Ubaya wao ni wa kweli, siwatetei. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo wa pwani, wanavunja viota vya kwera, wanawahangaisha wengine hadi wanahama. Wataalamu wa ndege wa pwani walikuwa wamelia kwa miaka.

Lakini tujiulize kunguru alifikaje. Hakuja kwa miguu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili ale takataka za mji. Soma tena sentensi hiyo. Mji ulikuwa na taka, haukutaka kulipa watu wa kuzizoa, ukamleta ndege. Ndege akafanya kazi. Akala, akazaa, akafuata taka kutoka bandari hadi bandari. Mombasa alionekana mwaka 1947. Zaidi ya karne imepita, taka zimeongezeka mara nyingi, na sisi tunashangaa kwamba kunguru wameongezeka. Tulimwajiri, halafu tukamfuta kazi kwa sumu. Na kazi yenyewe bado ipo, imelala pale njiani ikinuka. Ukiua milioni moja ukaacha jalala wazi, umewafungulia nafasi milioni nyingine. Ilishafanyika: zaidi ya miaka 20 iliyopita kulikuwa na kampeni ya sumu hiyohiyo pwani, kunguru wakapungua, kampeni ikasimama, wakarudi. Kutoka Malindi hadi Garsen ni barabara moja, na jalala liko tayari kuwapokea. Ukitaka kumzuia kunguru asifike delta, anza na pipa.

Najua nimeshawachosha wale wa "watu kwanza". Karibuni, hii ni yenu.

Miaka ya 1990 India ilikuwa na tai kwa mamilioni. Wafugaji wakaanza kuwapa ng'ombe dawa ya maumivu inayoitwa diklofenaki, ileile mnayonunua duka la dawa mkiumwa mgongo. Tai akila mzoga wa ng'ombe aliyepewa dawa hiyo, figo zake zinafeli. Aina kadhaa zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90 kabla sababu haijajulikana mwaka 2004 na India haijapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mizoga ikabaki. Mbwa wakaongezeka, kichaa cha mbwa kikawepo cha kutosha, maji yakachafuka. Mwaka 2024 wanauchumi wawili walichapisha hesabu yao: kati ya 2000 na 2005 kutoweka kwa tai kulichangia vifo vya ziada vya watu kama 500,000. Watu. Wale wa "watu kwanza".

Kwa hiyo mtu anaponiambia afya ya ndege ni starehe, namwambia ndege ndiye anayepimwa kabla yako. Maji yaliyompungukia korongo wa Shakababo ndiyo yaliyompungukia mama anayelima mpunga Ngao. Ukosefu wa samaki uliomkondesha mwari ndio umempandisha kijana wa Kipao kwenye basi kwenda kuwa mlinzi wa usiku Mombasa. Na taka anayokula marabu wa Dandora inachomwa usiku, na moshi wake haukatazwi kuvuka barabara kuja Kayole. Mimi nauvuta nikiandika haya.

Na msinielewe vibaya, "Nairobi" ninayoishtaki si kila mwenye kuishi Nairobi. Kwetu Kayole mfereji hutoa maji siku zake maalumu, siku nyingine tunanunua mtungi kwa mkokoteni. Yaani mto unanyimwa Garsen kwa jina la Nairobi, na Nairobi yenyewe nusu haina maji. Yanakwenda wapi? Yanavuja kwenye mabomba mabovu, yanaibwa na kuuzwa tena, yanamwagilia nyasi za watu ambao hawajawahi kubeba mtungi. Kabla ya kumwambia mto uongeze, kwa nini msizibe bomba? Kuziba bomba hakuna utepe wa kukata, ndiyo sababu.

Wengine watasema watu wa delta wenyewe wanataka maendeleo, ni mashirika ya ndege yanayowazuia. Historia inasema kingine. Mwaka 2008 mradi mkubwa wa miwa, wa hekta kama 20,000, ulipata kibali cha mazingira katika delta. Gazetini ikaandikwa kama vita vya ndege dhidi ya ajira. Walioenda mahakamani kwa ajili ya ardhi ya delta walikuwa wakulima na wafugaji wa huko huko, na Februari 2013 Mahakama Kuu ikaagiza upangwe mpango wa matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wenyeji. Miezi michache kabla, Septemba 2012, delta ilikuwa imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600, kama ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwezi huohuo na ule uliotangulia, Wapokomo na Waorma walikuwa wakizikana. Zaidi ya watu 100 walikufa mwaka ule. Kulikuwa na siasa, kulikuwa na silaha, lakini chini yake kulikuwa na swali lilelile: maji na majani yakiwa machache, nani anapita? Korongo wanapigania dimbwi kwa midomo. Sisi tuna panga.

Na sasa mezani, kwa miaka mingi, upo mpango wa bwawa jingine, High Grand Falls, huko upande wa Kitui na Tharaka Nithi. Likijengwa litakuwa kubwa kuliko Masinga, tena kwa mbali. Litakuwa chini ya mabwawa mengine yote, mlango wa mwisho kabla ya mto kuingia kwetu. Mwenye ufunguo wa mlango huo ndiye atakayeamua kama kutakuwa na furiko Garsen, na kama kutakuwa na kiota.

Sidai tuvunje mabwawa. Nami nachaji simu. Nadai vitu ambavyo tayari viko kwenye sheria au bei yake ni ndogo kuliko semina ya kuvijadili.

Kwanza, furiko la makusudi. Bwawa lina milango. Ifunguliwe kwa ratiba, masika na vuli, maji ya kutosha kuvuka kingo na kujaza maziwa, watu wakiwa wameambiwa mapema kwa redio na kwa simu. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua kwamba sehemu ya maji ya mto ni akiba ya mahitaji ya watu na ya mazingira. Akiba si makombo. High Grand Falls isimwagiwe hata zege ndoo moja kabla ratiba hiyo haijaandikwa na kusainiwa, na watu wa Garsen wakiwa ndani ya chumba.

Pili, jalala. Kaunti ya Tana River itenge mahali mbali na maji, paziungushiwe ukuta, pafunikwe udongo. Sheria ya kusimamia taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe. Mji mdogo kama wetu unaweza kuanza vizuri kwa sababu bado ni mdogo. Dandora ilianza miaka ya 1970 kama jambo la muda.

Tatu, nyaya. Kuna vibandiko na viviringo vinavyoning'inizwa kwenye nyaya ili ndege wazione. Lile jengo la Chicago lilibandikwa karatasi yenye nukta kwenye vioo mwaka 2024, na vifo vikapungua sana. Nukta tu. Laini ya Rabai hadi Lamu inapita juu ya ardhi ya Ramsar. Iwekewe alama pale inapovuka mto na mbuga, leo.

Nne, na hii ni yako wewe unayesoma kwa simu. Mwaka 2027 watakuja kuomba kura, huko na huku. Wa Nairobi watakuahidi maji. Muulize maswali mawili: ya mto gani, na yule wa chini anaachiwa kiasi gani? Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya ndege, basi umejua anakunywa wapi.